Jina lilipita kwa mama: uchambuzi wa kisa cha ukoo mmoja wa Shackleton

Majina ya kwanza, tarehe kamili, mitaa na jina la ukoo wa pili unaojitokeza mwishoni yameondolewa. Jina Shackleton limebaki kwa sababu bila hilo kisa hakieleweki, nalo linabebwa na maelfu ya watu, hivyo halimwelekezi msomaji kwa mtu yeyote.

Ombi lilivyokuja

Mteja ni mzee aliyezaliwa miaka ya 1940, anayeishi nje ya Uingereza. Alikuja na madai matatu. La kwanza: jina lake limetokana na neno la Kiingereza la pingu, kwa hiyo mababu walikuwa wafungwa au walinzi wa gereza. La pili: yeye ni ndugu wa Ernest Shackleton, mvumbuzi wa Antaktika aliyezaliwa Kilkea, Ireland, mwaka 1874, na ambaye meli yake Endurance ilisagwa na barafu mwaka 1915. La tatu: ngao ya ukoo iliyotundikwa sebuleni kwake, ambayo marehemu baba yake aliinunua dukani, ni haki ya familia.

Alileta pia karatasi: cheti cha ndoa cha baba wa babu yake cha miaka ya 1870, kadi ya mazishi ya mtu huyohuyo, na majibu ya kipimo cha kromosomu Y (sehemu ya DNA ambayo mwana huipata kwa baba yake) alichokifanya miaka kadhaa kabla. Majibu hayo hayakumlinganisha na Shackleton hata mmoja. Mteja aliyaeleza kwa urahisi: maabara imekosea.

Aliomba nasaba ifikishwe mwaka 1750 au karibu yake, na aambiwe kama Ernest ni wao.

Jina na mahali lilikotoka

Dai la pingu lilikwisha mapema. Shackleton ni jina la mahali: kitongoji kidogo katika kata ya Wadsworth, juu ya mji wa Hebden Bridge, Yorkshire magharibi. Sehemu ya mwisho, -ton, ni tun ya Kiingereza cha kale, yaani uwanja uliozungushiwa ua, baadaye shamba lenye nyumba. Sehemu ya kwanza hufasiriwa kuwa ulimi wa ardhi, na atazamaye ramani haoni ajabu: mgongo wa kilima umechomoza kati ya bonde la Hebden Water na bonde la Crimsworth Dean. Kufanana na pingu ni ajali ya sauti. Majina ya mahali yana umri mkubwa kuliko maana za leo za maneno, na anayeyafasiri kwa kamusi ya leo hupotea.

Msomaji aliyezoea mtindo wa “fulani bin fulani”, ambapo jina la pili hubadilika kila kizazi, aangalie tofauti hii. Katika karne za 13 na 14, na kaskazini mwa Uingereza hata baadaye kidogo, majina haya yaliganda yakaanza kurithiwa. Mtu aliyehama kitongoji cha Shackleton aliitwa kwa alikotoka, na watoto wake wakabaki nalo. Lakini watu wawili wasiohusiana waliweza kutoka shamba moja na kuitwa vilevile, kwa hiyo jina linaonyesha mahali lilipoanzia na halithibitishi kwamba wanaolibeba ni wa damu moja. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha vipimo vya wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Kiingereza. Wenye jina adimu mara nyingi walikuwa na kromosomu Y ya aina moja au chache, ilhali akina Smith hawakufanana kuliko watu waliookotwa barabarani.

Mazingira ya nyaraka

Heptonstall ni kijiji cha juu ya kilima, kilomita zipatazo 13 kutoka Halifax. Kanisa lake lilihudumia Wadsworth na kata jirani, lakini kisheria lilikuwa chini ya parokia ya Halifax, parokia ya zaidi ya kilomita za mraba 300. Hapo ndipo wageni wengi wa nyaraka hizi hujikwaa. “Halifax” ni mji, ilikuwa parokia yenye vijiji vingi, na kuanzia 1837 ilikuwa pia wilaya ya usajili wa vizazi na vifo, na mipaka ya hayo matatu haikulingana. Wadsworth ilikuwamo katika parokia ya Halifax, lakini kizazi cha Wadsworth kiliandikishwa wilaya ya Todmorden.

Todmorden nayo ilikaa juu ya mpaka wa Lancashire na Yorkshire hadi 1888, na upande wake mmoja ulikuwa wa parokia ya Rochdale, dayosisi ya Chester. Ukivuka kijito tu, wosia na nakala za askofu (nakala za daftari za kanisa zilizopelekwa kwake) zinahamia hifadhi nyingine: upande wa Halifax utazikuta taasisi ya Borthwick mjini York, upande wa Rochdale utazikuta Preston.

Jambo la pili ni dini. Mabonde haya yalijaa Wabatisti na Wamethodisti. Wabatisti hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo mtoto asipoonekana katika daftari la ubatizo la Heptonstall haimaanishi kwamba hakuzaliwa pale.

Utafiti ulivyokwenda

Kazi ilianza kwa waliokufa karibuni na kurudi nyuma. Rejista ya wakazi ya 29 Septemba 1939, kisha sensa za 1921 na 1911, zilimpata babu na baba yake bila shida. (Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika, hivyo rejista ya 1939 inaziba pengo kubwa.) Sensa ya 3 Aprili 1881 ilimwonyesha baba wa babu akiwa Bradford: miaka 30, fundi katika kiwanda cha sufu, mke na watoto wawili. Mahali pa kuzaliwa: Halifax. Cheti chake cha ndoa kilimtaja baba yake kwa jina, kazi yake mfumaji.

Basi fahirisi ya vizazi ikatafutwa katika wilaya ya Halifax, 1849 hadi 1852, kwa jina lake la kwanza, ambalo ni la kawaida kabisa. Walitokea wanne. Wawili walikuwa na vifo vya uchangani vilivyolingana. Kati ya waliobaki, mmoja alikuwa na baba mwenye jina lilelile la kwanza lililoandikwa kwenye cheti cha ndoa. Akachaguliwa. Vyeti vikaagizwa, na vizazi viwili vikajengwa juu yake, hadi ndoa ya 1818 katika parokia ya Halifax. Wiki sita zilipita hivyo.

Kilichofichua kosa ni zoezi ambalo lingepaswa kufanywa siku ya kwanza: kumfuata kila mgombea mbele, mpaka kaburini au mpaka aonekane pengine akiwa hai. Mtoto aliyechaguliwa alikutwa katika sensa hiyohiyo ya 1881 katika kata ya Sowerby, amezaliwa Sowerby, ana mke mwingine, na mama yake mjane anaishi naye. Usiku uleule mtu wetu alikuwa Bradford na mkewe. Ni watu wawili. Vizazi viwili vikafutwa.

Safari ya pili ilianza 1861, sensa ya 7 Aprili, na kwa namna tofauti: jina la ukoo liliachwa wazi, likatafutwa jina la kwanza, umri wa miaka 9 hadi 11, na mahali pa kuzaliwa kata zote za Heptonstall. Alipatikana Wadsworth katika nyumba ya mfumaji mzee wa jina Shackleton. Uhusiano wake na mwenye nyumba: mjukuu. Hakukuwa na baba wala mama humo, na jina la kwanza la mzee lilikuwa ndilo lile lililoandikwa kwenye cheti cha ndoa kama jina la “baba”.

Kwa nini 1851 haikumtoa mapema? Aliyeinakili fahirisi alisoma “Stackleton”. Mwandiko wa Sh na St katika karatasi zile hukaribiana sana, na alama ya nyota (*), inayosimama badala ya herufi zozote katika utafutaji, haikusaidia kwa sababu ilikuwa imewekwa baada ya Sh. Kwa jina hili, atafutaye aweke S*k*l*t*n, kisha aondoe jina kabisa na kutafuta kwa kata na umri. Sensa ilifanyika 30 Machi 1851, naye alikuwamo: umri mwezi 1, mjukuu wa mwenye nyumba. Mstari wa juu yake ni binti wa mwenye nyumba, miaka 21, hajaolewa, mfumaji.

Sasa fahirisi ya wilaya ya Todmorden ilifunguliwa. Fahirisi mpya ya mtandaoni ya ofisi kuu ya usajili huonyesha jina la mama la kabla ya kuolewa tangu 1837, ilhali ile ya zamani ilianza kulionyesha robo ya tatu ya 1911 tu. Kwenye kizazi hiki palikuwa na kistari, na mara nyingi kistari hicho kina maana kwamba mama hakuwa na mume. Cheti kilithibitisha: safu ya jina la baba imepigwa mstari, safu ya kazi ya baba vilevile. Mama ndiye aliyeandikisha, akatia alama ya X.

Na mtoto alikuwa na majina mawili. La pili lilikuwa jina la ukoo.

Maamuzi yaliyofanyika hapa

Kwanza, nasaba ya jina iliendelea kupitia kwa mama, kwa sababu mteja aliuliza juu ya jina, na jina kweli lilitoka kwa Shackleton wa Wadsworth. Binti yule aliolewa na mtu mwingine miaka mitatu baadaye akahamia bonde la pili, na mtoto akabaki kwa babu, jambo ambalo msomaji wa pwani au bara hatahitaji kuelezwa. Alipofika kanisani kuoa aliulizwa jina la baba, akamtaja aliyemlea. Hakudanganya kwa hesabu zake mwenyewe. Vyeti vingi vya ndoa vya watu waliozaliwa hivi hubeba jina la babu mzaa mama, au jina la kubuni, na mtafiti anayekichukua cheti cha ndoa kama ushahidi wa baba bila kukipima kwa sensa huingia shimo lilelile.

Pili, babu huyo alitofautishwa na wenzake. Kati ya 1793 na 1799 walizaliwa watu watatu wa jina hilohilo katika kata za Heptonstall na Wadsworth. Daftari zilizochapwa za 1813 na kuendelea, zenye safu ya makazi na kazi, ziliwatenganisha: kila ubatizo wa watoto na kila maziko yalitaja shamba. Watu wa mabonde haya walijulikana kwa shamba kuliko kwa jina, maana jina walikuwa nalo wengi. Mmoja wa watatu alizikwa 1832, wa pili alihamia Lancashire. Kwa wa tatu upo wosia wa baba yake, uliothibitishwa York miaka ya 1820, unaotaja shamba lenyewe, kitanda cha kufumia, na wana wanne kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wosia ule ulimaliza ubishi. Familia maskini pia ziliandika wosia pale ambapo mfumaji alimiliki kitanda chake, kwa hiyo kuziruka nyaraka hizi kwa kudhani ni za matajiri ni hasara.

Tatu, kazi ilisimama kwenye ndoa ya miaka ya 1760. Tangu 25 Machi 1754 ndoa zote, isipokuwa za Waquaker na Wayahudi, zilipaswa kufungwa katika kanisa la Anglikana, hivyo ndoa ilipatikana, na ilipatikana Halifax mjini, si Heptonstall. Juu yake palikuwa na batizo tatu zinazofaa za miaka ya 1730 na 1740, zote bila jina la mama, bila shamba, bila wosia wa kuziunga. Kuchagua moja kungekuwa kurudia kosa la Sowerby.

Nne, kipimo cha Y kiliondolewa kwenye kabati. Baada ya cheti cha 1851, majibu yaliyoonekana ya ajabu yakawa ndiyo yaliyotarajiwa. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na hapa mwana alipata jina kwa mama. Mteja asingeweza kulingana na Shackleton yeyote. Orodha yake ilikuwa na wanaume wawili wa ukoo mwingine, mmoja akitofautiana naye kwa alama 1 kati ya 37 zilizopimwa kwenye kromosomu hiyo, wa pili kwa 2. Jina lao la ukoo ndilo jina la pili la mtoto wa 1851.

Matokeo

Dai la pingu: si kweli. Jina ni la mahali.

Ernest Shackleton: hakuna ushahidi. Tawi lake linafuatwa hadi Abraham Shackleton, Mquaker wa Yorkshire magharibi aliyefungua shule huko Ballitore, Ireland, mwaka 1726. Waquaker walitunza kumbukumbu zao vizuri kuliko karibu madhehebu yote ya nchi ile, na familia ya mteja haimo. Kama matawi hayo mawili yanakutana, yanakutana kabla ya 1726, na hata hapo mteja angekutana nao kupitia kwa bibi yule wa 1851 tu.

Ngao: nchini Uingereza ngao hupewa mtu, si jina. Anayerithi ni mzawa halali wa ukoo wa kiume wa aliyepewa, na mamlaka ya kuthibitisha iko College of Arms, London. Duka linalouza “ngao ya jina lako” linauza pambo.

Nasaba ya jina imethibitishwa hadi ndoa ya miaka ya 1760. Baba wa mtoto wa 1851 ametambuliwa kwa ukoo, bado si kwa mtu.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kosa la Sowerby halikuwa la uzembe wa macho. Kila hatua ilionekana ya busara: wilaya iliyotajwa kwenye sensa, jina la baba linalolingana, umri sawa. Ubaya ulikuwa katika chanzo. Mtu aliyehamia Bradford alisema “Halifax” kama ambavyo mtu wa Rombo akiwa Dar es Salaam husema Moshi: anataja mji ambao msikilizaji anaujua. Sensa alizohesabiwa akiwa bado kwao zilisema Wadsworth. Kanuni ya kazi ilibadilishwa tangu kisa hiki: mahali pa kuzaliwa huchukuliwa kutoka sensa ya mapema kuliko zote, na wilaya zote zinazopakana hutafutwa kwa pamoja kabla cheti chochote hakijalipiwa. Katika kisa hiki wagombea wa kweli walikuwa sita, si wanne, na wawili waliokosekana walikuwa Todmorden.

Kadi ya mazishi ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza ikiwa na majina yote mawili. Ilipuuzwa kwa hoja kwamba Waingereza wa karne ya 19 walipenda kujiongezea majina ya kupendeza. Wengine walifanya hivyo, ni kweli. Lakini jina la ukoo lililowekwa katikati, kwa mtoto aliyezaliwa na mama asiye na mume, mara nyingi ni mama anayesema kile ambacho karani hakumruhusu kuandika.

Kipimo cha DNA nacho kilikuwa na jibu kabla utafiti haujaanza. Hakikusomwa kwa sababu mteja alikuwa amekwisha kukihukumu, na watafiti wakamfuata. Jambo la kutofautisha hapa ni hili: nyaraka hazina njia ya kuonyesha mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kwa baba mwingine. Kitanda hakizai haramu, na sheria ya Uingereza ilifuata wazo hilohilo, mtoto wa mke wa mtu akiandikwa wa mume. Kisa hiki kilikuwa na bahati ya mama asiyeolewa, hivyo karatasi na damu zilikubaliana.

Namna ya kumwambia mteja ilipangwa. Hakupewa taarifa kwa barua. Alionyeshwa kwanza sensa ya 1861, mtoto kwa babu yake, kisha ya 1851, kisha cheti, naye akaliona mwenyewe kabla ya kuambiwa. Maneno makali ya madaftari ya zamani hayakutumika kwenye taarifa, iliandikwa “aliyezaliwa nje ya ndoa” na basi. Alichouliza kwanza ni kama babu yule wa Wadsworth aliwatunza wote wawili.

Kazi iliyobaki

Ukoo wa baba ulikuwa na ndugu watatu wa kiume waliohesabiwa 1851 ng’ambo ya bonde, umri kati ya 19 na 30. Kromosomu Y haiwatenganishi, kwa kuwa wote wanayo ya baba yao. Maombi ya matunzo ya mtoto, ambayo tangu 1844 mama aliweza kuyapeleka mwenyewe mbele ya mahakimu wa eneo, yatatafutwa katika kumbukumbu za mahakama na magazeti ya 1851 na 1852.

Njia ya pili ni kipimo cha DNA ya kawaida, ile inayotoka kwa baba na mama wote wawili, kwa vilembwe wa kila ndugu. Mteja ni kilembwe wa baba asiyejulikana. Kilembwe mwingine wa mtu huyohuyo kwa mke wa ndoa anatarajiwa kushiriki naye takriban mara mbili ya kile ambacho kilembwe wa ndugu wa mtu huyo angeshiriki. Lakini viwango hivyo hupishana sana katika umbali huu, na wapo ambao hawatashiriki chochote, kwa hiyo mtu mmoja kwa kila tawi hatoshi: wanatafutwa watatu au wanne wa kila ndugu, na ikiwezekana wazee kuliko vijana, kwa sababu kila kizazi kinachoshuka hupunguza kilichobaki kwa nusu. Tawi moja limekwisha kukubali kupimwa.